Beti Mbili na Kiitikio

Kikombe cha Bitutu kilikuwa cha bati, cha rangi ya kijani, na kilining'inia msumarini peke yake nyuma ya mlango wa jikoni. Vikombe vingine vilikaa mezani chini ya kitambaa, vimebanana kama watu wa ukoo mmoja kwenye picha ya harusi. Hakuna aliyewahi kumwambia Bitutu kwamba kile ni chake na vile si vyake. Kilitundikwa tu, mwaka ule alipoanguka mara ya pili, na mtu mwenye macho hahitaji kusomewa barua.

Nyumbani kwao palikuwa juu kidogo ya Magwagwa, kwenye mteremko wa chai na migomba. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Kuanguka kulimwanza akiwa darasa la nane, wamepanga mstari asubuhi, bendera inapandishwa. Hakurudi shule. Vitabu vyake vililetwa na mtu aliyeviacha langoni, akabisha hodi, akaondoka kabla ya kuitikiwa.

Miaka kumi na mmoja sasa. Lakini kuna jambo moja lililomkaa rohoni kuliko kikombe, kuliko mkono wake wa kushoto ulioungua siku alipoangukia jiko, nalo hakuwahi kumwambia mtu. Hakujua yeye huangukaje. Alijijua kama mwenye shamba anavyomjua mwizi, kwa nyayo tu. Alikuwa akiongea na mtu, halafu mara siafu wanapita mbele ya jicho lake, jua limehama, ulimi una ladha ya damu, sketi imelowa. Na mahali palipokuwa na watu sita hapana hata kuku.

Watu walikuwa wanakimbia. Ilisemwa kwamba povu la mtu aliyeanguka likikugusa, na wewe utaanguka. Hata pumzi yake si nzuri. Waliokuwa na adabu hawakukimbia, walimpa mgongo. Hiyo nayo ilikuwa na sababu yake. Wakisii wana kitu wanachokiita chinsoni, haya ya mzazi na mtoto: baba haingii nyumba ya mwanawe, haoni mwili wa binti yake, na asiyeshika hayo huonekana kama mtu aliyelelewa na fisi. Bitutu akianguka nguo hupanda. Basi babake, mzee Onyiego, aligeuka kila mara, akatazama milima, akangoja binti yake arudi kutoka huko alikoenda.

Mamake angetazama. Lakini mamake alikufa kabla ya haya yote kuanza.

Aliyebaki nyumbani ni Celestine, mke wa kaka yake Mose. Mose alikuwa fundi wa mabomba Nairobi, akionekana Desemba kama nzige. Celestine aliolewa hapo miaka mitatu iliyopita, akazaa mtoto mmoja, Ruth, ambaye sasa alikuwa anaanza kutambaa. Ni Celestine aliyemwambia Bitutu, kwa sauti nzuri kabisa, siku Ruth alipofikisha wiki moja: "Wifi, usinielewe vibaya. Mtoto utamwangalia kwa macho." Bitutu akamwangalia kwa macho. Ana vishimo mashavuni, yule mtoto. Bitutu alivihesabu toka mbali, viwili upande mmoja, kimoja upande mwingine.

Mwanamke wa utafiti alikuja Ijumaa moja baada ya mvua, matope yamempanda hadi magotini.

"Hodi hapa! Wenyewe mko?"

"Karibu, daktari," mzee Onyiego akamvutia kiti.

"Mimi si daktari, mzee. Naitwa Benter Aketch, mimi ni wa kuuliza na kuandika. Daktari ni Osewe, yuko Kisii amekaa kwa kiti. Mimi ndio natumwa kupanda hizi milima zenu. Zitanimaliza."

"Nyinyi wa huko ziwani mmezoea tambarare," mzee akasema. "Mkipanda huku mnahema kama bata kwa ngazi."

Benter akacheka hadi akajifuta macho. Akatoa tableti yake kwenye mfuko wa plastiki, akaeleza kazi iliyomleta. Walikuwa wanafanya utafiti wa ugonjwa wa kuanguka katika Kisii na Nyamira, kijiji kwa kijiji. Aliye na ugonjwa huo atapelekwa Kisii apimwe kichwa kwa mashine, kisha atapewa dawa inayomfaa yeye, si ya kubahatisha, na atafuatwa miaka miwili. Bitutu alikuwa ameketi kwenye gogo karibu na ua. Aliposikia "inayomfaa yeye" alisogea bila kujua kwamba amesogea. Aliwahi kupewa vidonge; vilimlaza mwezi mzima kama kifaranga mgonjwa, na bado akaanguka.

"Sasa, mzee, nitakuuliza, na hakuna jibu baya. Watu wa hapa wanasema huu ugonjwa unaletwa na nini?"

"Wengine wanasema ni shangazi ya babangu, alizikwa bila heshima na sasa anadai. Wengine wanasema kuna mama alimtazama huyu vibaya akiwa mdogo. Mchungaji anasema ni pepo. Wengine wanasema ni wazimu tu, basi. Unaandika yote?"

"Naandika yote. Hata kwetu watu wanasema."

"Kwenu wanasema unatoka wapi?"

"Kwetu wanasema unatoka kwa Wakisii."

Mzee Onyiego alicheka kicheko ambacho Bitutu hakuwa amekisikia siku nyingi. Hata Celestine, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na Ruth mgongoni, alificha mdomo kwa kiganja.

Halafu Benter akauliza swali lililozima kicheko.

"Nani amemwona akianguka? Namaanisha toka mwanzo hadi mwisho."

Kuku mmoja akapita katikati yao.

"Si lazima awe msomi," Benter akasema. "Ni mtu ameona tu. Kwa sababu kuanguka si kumoja. Kuna kunakotoka kwa kichwa, kuna kwa moyo, kuna kwa mawazo yakizidi mtu. Kwa nje zinafanana, lakini dawa ya hii inaweza kuharibu ile. Na mwenyewe hawezi kutuambia, maana wakati huo hayupo. Bila shahidi daktari hawezi kumwandika kwa utafiti. Hiyo ndiyo sheria."

"Mimi ni babake," mzee akasema polepole. "Sasa niseme nini? Mimi naweza kukwambia yale mgongo wangu umesikia. Nasikia kishindo. Nasikia miguu ikipiga chini. Kisha nasikia kimya. Hayo ndiyo yangu."

"Basi hata mtu achukue video kwa simu."

"Video!" Mzee akainuka nusu. "Binti yangu akiwa hivyo, halafu izunguke kwa simu za watu hadi Suneka? Hapana, mama. Kwa hiyo hapana."

Benter hakubishana. Akamgeukia Celestine. "Na wewe, mama mtoto?"

"Mimi nina mtoto," Celestine akasema, akaingia jikoni.

Benter akaandika kitu, akafuta. "Orodha inafungwa Ijumaa, wiki mbili kutoka leo," akamwambia Bitutu, na alimwangalia yeye, si babake. "Siku hiyo nitapita hapa. Nitafutie mtu mmoja tu, dada. Mmoja."

Mtu mmoja. Lilionekana jambo dogo. Bitutu alianza na mama shemasi wa kanisa lao la Sabato, maana alikuwa ameanguka kanisani si chini ya mara tano.

"Ai, mwanangu," mama shemasi akasema, "wewe ukianguka mimi naomba. Na mtu akiomba hufunga macho."

Akaenda kwa Thadeus wa bodaboda, ambaye alikuwa pale stendi siku alipoanguka karibu na ndizi za watu. Thadeus alisogeza pikipiki nyuma kidogo kabla ya kujibu.

"Niliona miguu, sitadanganya. Lakini ilikuwa miguu yangu mwenyewe, ikikimbia."

Wenzake wakaangua kicheko. Bitutu naye alitabasamu, maana lilikuwa jibu la kweli, na ukweli hakuwa anaupata mara nyingi. Akauliza wengine saba. Kila mmoja alikuwepo, hakuna aliyeona. Ikawa kama amekuwa akianguka miaka yote hiyo katika nchi ya vipofu. Jioni alipokuwa akirudi, alijiuliza kama kitu kisichoonwa na mtu yeyote kinatokea kweli. Labda hakuna kitu. Labda analala tu, na watu wana wazimu wa kukimbia.

Wiki ya pili ilipofika Jumanne, aliamua.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa anaomba asianguke. Sasa aliomba aanguke, tena mbele za watu, tena mchana, mahali ambapo hata mwenye kukimbia ataona angalau mwanzo. Alijua njia za ugonjwa wake kama mtu anavyojua njia ya kwenda kisimani: akikosa usingizi unakuja, akikosa chakula unakuja haraka. Akajinyima vyote viwili, bila kumwambia mtu. Jumatano babake alimwona hajagusa ugali, akadhani ni huzuni.

Alhamisi ilikuwa siku ya kupima chai. Kwa kawaida Bitutu alichuma mstari wake wa chini, peke yake, na Celestine ndiye aliyepeleka chai yote bandani, kwa sababu walisema mzigo ukiangukiwa na mtu kama yeye utakataliwa kiwandani. Siku hiyo Bitutu alijitwika kikapu.

"Wifi, unaenda wapi na hicho?" Celestine akauliza. Alikuwa ametoka shambani, Ruth mgongoni, na mkononi ana ule ufito wake mrefu ambao wachumaji hulaza juu ya chai ili waone majani yaliyopita kimo.

"Bandani."

"Leta nibebe."

"Leo nitabeba mwenyewe."

Celestine alimtazama kitambo. Macho yake yalikuwa makali siku zote, macho ya mtu anayepika huku akiangalia mlango. Alifuata nyuma, hatua kama sita, na hatua hizo sita hazikupungua wala kuongezeka hadi walipofika.

Bandani wanawake walikuwa wamejaa, wanatoa majani mabaya katika vikapu na kusengenya. Bitutu alipoingia, nafasi ilijifungua mbele yake kama maji.

"Eh, Bitutu!" karani Josiah akaita kwa furaha ya uongo. "Leo umekuja mwenyewe? Weka hapo. Hapo kando kidogo. Huu mzani wangu una roho nyepesi."

Wakacheka. Bitutu akaweka kikapu, akasimama. Akangoja. Jua lilikuwa kali na kichwa chake kilikuwa chepesi kama ganda la yai, lakini kitu hakikuja. Karibu acheke. Maisha yake yote kimemjia bila kuitwa, na leo ameita, kinajifanya hakisikii. Akawaza kwamba atarudi nyumbani na njaa yake, na kesho Benter atakuja, na itakuwa

Siafu. Jani moja la chai, karibu sana, kubwa kama mlima. Ladha ya damu.

Alilala akingoja mwili urudi kipande kwa kipande. Alipoweza kugeuza shingo aliona banda tupu. Vikapu vitatu vimepinduka. Mzani umelala chali. Watu walikuwa barabarani, mbali, wamekusanyika kama wanaoangalia nyumba inayoungua, na karani Josiah alikuwa amepanda juu ya lori la kiwanda.

"Umeamka?" akapiga kelele. "Usije huku! Pumzika kwanza!"

"Karani," Bitutu akasema, ulimi mzito, "uliona?"

"Nione nini? Mimi nilikuwa naangalia mzani."

Bitutu akautazama mzani. Karani naye akautazama.

Mama mmoja alisema alikuwa anafunga mfuko. Mwingine alisema vumbi lilimwingia machoni. Wote walikuwepo. Hakuna aliyeona. Bitutu akataka kuinuka aende zake, na hapo ndipo alipogundua kwamba magoti yake hayako wazi. Amefunikwa leso. Leso ya bluu yenye madoa meupe, imefunika kutoka kiunoni hadi kwenye vifundo vya miguu, imenyooshwa vizuri hata pembeni. Na kando yake, juu ya majani yaliyomwagika, umelala ufito mrefu wa kuchumia chai.

Aliifahamu leso hiyo. Ilikuwa ndiyo inayombeba Ruth mgongoni.

Kesho yake Benter alifika kabla ya saa nne. Mzee Onyiego alimkaribisha, akamletea kiti kilekile, lakini hakukuwa na utani wa bata.

"Hakuna mtu, mama," mzee akasema. "Ametafuta. Jana hata ameanguka mbele ya watu thelathini. Hakuna aliyeona."

Benter alifungua tableti, akatazama ukurasa, akaanza kuufunga. Ni kitu kidogo sana, kidole kimoja kikisukuma kioo. Bitutu alikiona kidole hicho, akainuka. Aliingia chumbani mwake, akatoka na ile leso. Alikuwa ameifua mara mbili, akaianika juani, akaikunja. Hakumpa Celestine mkononi. Aliiweka kwenye benchi karibu naye, kama ilivyokuwa desturi yao.

"Wifi, asante kwa leso."

"Si kitu," Celestine akasema. Ruth alikuwa amekaa chini kati ya miguu yake, anakula kipande cha ndizi.

"Ulinitupia kwa ufito."

"Nilitupia."

"Ikanyooka vizuri. Hata pembeni." Bitutu akanyoosha pembe ya leso. "Mtu hawezi kumfunika mtu vizuri hivyo bila kumwangalia."

Benter aliacha kidole hewani.

Mzee Onyiego aliwatazama wanawake hao wawili. Akaelewa kwamba yatakayosemwa sasa ni ya mwili wa binti yake. Akachukua kofia yake, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama huko akiangalia migomba. Mgongo wake ulionekana kupitia pengo kati ya ukuta na tangi la maji. Hakwenda mbali.

"Mtaandika jina langu?" Celestine akauliza.

"Herufi tu, kama unataka. Na halitoki kwetu," Benter akasema.

Celestine alimtoa Ruth kipande cha ndizi mdomoni. Alipoanza kusema aliongea akiangalia mbele, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani.

"Kwanza anaacha kuongea. Ukimwuliza kitu hajibu, anameza mate. Halafu kidole gumba cha kushoto kinaanza. Kinacheza na hiki cha pili, hivi, hivi, kama anachuma chai na chai haiko. Mkono wenyewe unapanda. Mdomo unavutwa huku, kushoto. Halafu shingo inageuka hukohuko kushoto, kama kuna mtu amemwita. Hapo ndipo anaanguka. Kabla ya hapo haanguki. Ukiona gumba linacheza, una nafasi ya kuondoa mtoto na maji ya moto."

Vidole vya Benter vilikuwa vinakimbia juu ya kioo. "Endelea. Polepole. Sikukatizi."

"Anakakamaa. Anatoa sauti moja, si kulia, ni kama mlango. Halafu anapigapiga. Povu linatoka, na kama amejiuma lina damu."

"Kwa muda gani?"

"Saa sina. Mimi naimba."

"Unaimba?"

"Kwa roho. Ule wimbo wa kwaya yetu tunaofungia nao Sabato. Ni beti mbili na kiitikio. Nikimaliza kiitikio, naye ameacha. Siku ile ya jiko alipitisha. Nilianza ubeti wa tatu nikaogopa sana."

Benter akatoa simu. "Imba, dada. Kama unavyoimba siku hiyo. Nitapima."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Celestine akatazama nyuma ya nyumba, ule mgongo wa mzee, kisha akaimba. Alikuwa na sauti ya pili, nzito, isiyo na haraka. Ruth alidhani ni mambo yake, akapiga makofi. Bitutu alisimama akisikiliza. Hivyo ndivyo urefu wake ulivyokuwa. Kile kitu ambacho hakuwahi kukiona, ambacho kilimla shule na ujana na kumtundikia kikombe msumarini, kilikuwa na urefu wa wimbo, na wimbo wenyewe aliujua. Ulipoisha, maji yalisikika yakidondoka tangini.

"Dakika mbili na sekunde kumi na moja," Benter akasema. "Umeona mara ngapi?"

"Thelathini na moja. Na jana thelathini na mbili."

"Yaani zote? Toka uolewe?"

"Zile nilikuwepo, zote."

"Mbona unaangalia? Wengine wote wamekimbia. Na wewe unaogopa kuliko wao."

Celestine akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Dada, nyoka akiingia nyumbani kwako, wewe utampa mgongo?"

Benter hakuandika hilo. Akamtupia Bitutu jicho, akainamisha kichwa. Bitutu alilisikia neno likishuka ndani yake polepole, hadi chini kabisa, na lilipofika chini alishangaa kwamba haliumi jinsi alivyodhani. Nyoka huangaliwa. Migongo aliyokuwa ameiona katika maisha yake hakuna ambayo ilikuwa imemhesabu.

"Na mwisho wake?" Benter akauliza kwa sauti ya chini.

"Mwisho analala kimya. Halafu ananyoosha mkono. Huu wa kulia, ule mzima. Macho bado amefunga. Anapapasa chini, hivi, hivi, kama mtu anatafuta kiberiti stima ikipotea. Anapapasa, anapapasa. Halafu anaacha."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Na wewe wakati huo unafanya nini?"

Celestine alimwinua Ruth, akampakata, akamfunga kwa ile leso ya bluu, akakaza fundo. Ilimchukua muda mrefu.

"Nimesema nina mtoto," akajibu.

Bitutu aliangalia mkono wake wa kulia. Ulikuwa mkono kama mikono, una doa la majimaji ya chai katika vidole. Hakuwa na habari nao. Nyuma ya nyumba, mgongo wa mzee Onyiego ulikuwa umeinama kidogo, kama wa mtu aliyetwikwa mzigo badala ya kutuliwa.

Waliandikwa siku hiyo, dakika za mwisho: Bitutu kama mgonjwa, na Celestine, kwa herufi mbili, kama shahidi atakayejaza daftari la kila kuanguka.

Kisii walimvisha kofia ya nyaya, kisha wakampiga picha ya kichwa. Daktari Osewe alisoma maneno ya Celestine kwenye kompyuta yake mara mbili, akaomba asomewe tena kuhusu kidole gumba. Kisha akawaonyesha kwenye picha ya kichwa, upande wa kulia, kovu dogo kuliko punje ya mahindi. Lilikuwa la zamani, akasema. Labda homa kali ya utotoni. Mzee Onyiego alisema anaikumbuka homa hiyo. Ilikuwa siku nne, na alimbeba mtoto kwa miguu hadi Kebirigo kwa sababu daraja lilikuwa limebebwa na maji. Basi shangazi wa babu hakuwemo. Mzee hakusema kama amefurahi au amesikitika. Mtu akishazoea kumlaumu marehemu, hamwachilii kwa siku moja.

Wakiwa njiani kupanda mlima kwenda nyumbani, mzee mbele, binti nyuma, akasema bila kugeuka:

"Mkono unaopapasa ni wa kulia, ndio?"

"Ndio, tata," akamjibu babake.

"Sikujua."

Wakapanda hadi langoni.

Dawa mpya haikumlaza. Mwezi ukapita bila kitu, ukapita wa pili. Watu hawakubadilika. Mama shemasi alisema ni maombi yake. Kikombe cha kijani kiliendelea kuning'inia. Bitutu alirudi kuchuma mstari wake wa chini peke yake, isipokuwa kwamba mstari wa Celestine, ambao ulikuwa unaanzia kule juu, sasa ulianzia hatua kama sita kutoka kwake. Hawakuongea sana. Wakati mwingine Bitutu aliinua kichwa akakuta yale macho makali yanaangalia gumba lake.

Mwezi wa tatu, asubuhi ya umande, kile kitu kilikuja.

Alirudi kama anavyorudi siku zote: jani, udongo, harufu ya mvua, ladha ya damu, kidogo kuliko zamani. Alingoja ule utupu. Ndipo alipohisi kwamba kiganja chake cha kulia hakiko tupu. Kimeshika kitu chembamba, kigumu, laini kwa kushikwashikwa. Akafungua macho. Ulikuwa ni ufito. Akaufuata kwa macho, polepole, pingili kwa pingili, juu ya chai iliyolowa, hadi mwisho wake wa pili. Huko, umbali wa ufito mzima, Celestine alikuwa amechuchumaa, Ruth amelala mgongoni, naye mwenyewe ameshika ncha yake kwa mikono miwili kama mtu anayemvuta mwenzake kutoka mtoni. Midomo yake ilikuwa bado inacheza.

Hakuna aliyeachilia.

"Ubeti mmoja, wifi," Celestine akasema hatimaye. "Hata kiitikio sikufika."

"Uandike," Bitutu akasema.

"Nitaandika. Amka kwanza."

Bitutu hakuamka upesi. Alilala pale akishika upande wake wa ufito, na kila Ruth alipopumua mgongoni kwa mamake, alihisi ule mti ukitikisika kidogo sana mkononi mwake.

Jioni alikunywa chai yake katika kikombe cha kijani, akakiosha, akakirudisha msumarini. Aliukuta ufito umesimamishwa hapohapo nyuma ya mlango, chini ya kikombe. Celestine alikuwa amejikatia mwingine wa kuchumia chai.